Sura ya Nne: Matundu ya Pini

Mvulana amesimama mbele ya dirisha la keshia katika benki moja ya Berlin. Pembeni yake yupo bwana aliyevaa kofia ngumu nyeusi, na juu ya kaunta zipo noti tatu: moja ya marki 100 na mbili za marki 20. Mvulana anasema pesa hizo ni zake, ameibiwa jana ndani ya treni. Bwana anasema mtoto huyu ni mwongo. Keshia anamtazama huyu, anamtazama yule. Noti hazina jina. Ishirini ya mtoto na ishirini ya mtu mzima zimetoka mtambo mmoja, na kila aliyewahi kuwa mdogo anajua ni neno la nani litakalosadikiwa.

Ndipo mvulana anakumbuka pini. Kabla hajalala kwenye treni alizibana noti zile kwa pini kwenye bitana ya mfuko wa ndani wa koti, asije akazidondosha. Kama ni zake, basi zina matundu. Keshia anaziinua kwenye mwanga, moja baada ya nyingine. Matundu yapo.

Hapo ndipo penye kilele cha Emil und die Detektive, yaani Emil na Wapelelezi, riwaya ya watoto ya Mjerumani Erich Kästner iliyochapishwa Berlin mwaka 1929. Imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 50 na kutengenezwa filamu mara kadhaa. Ningeweza kuigusa kwa kurasa mbili kisha nikaendelea na makachero wakubwa wenye viko na bastola. Naipa sura nzima kwa sababu sijasoma riwaya nyingine ya upelelezi, iwe ya watoto au ya watu wazima, ambayo ushahidi wake umetoka mahali padogo na pa kweli kama pale.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa maana ya pini ile. Mama zetu wamefunga pesa kwenye pindo la kanga miaka nenda miaka rudi. Ukiliona lile fundo unajua pesa iliyomo imetafutwa kwa jasho, na kwamba mwenyewe ataligusa kwa kidole mara kumi kabla hajafika aendako. Emil Tischbein naye anaugusagusa mfuko wake safari nzima. Anatoka mji mdogo uitwao Neustadt. Baba yake, fundi bomba, amefariki. Mama yake anawaosha na kuwatengeneza wanawake nywele nyumbani, kichwa kimoja baada ya kingine, na kwa kazi hiyo anamlisha, anamvisha na kumsomesha mwanawe. Zile marki 140 amezikusanya kidogokidogo: 120 apelekewe bibi aliyeko Berlin, 20 ziwe za Emil mwenyewe na nauli ya kurudi. Kästner anasimama katikati ya hadithi kumweleza msomaji kwamba kwa wenye mapato makubwa kiasi hicho si kitu, lakini kwa mama wa Emil ni mlima. Mwandishi mwingine angeona aibu kuwaambia watoto habari za mshahara. Yeye hakuona, na ndiyo sababu tunaumia mfuko unapokutwa mtupu.

Unakutwa mtupu kwa namna hii. Katika behewa amebaki Emil na bwana mmoja wa kofia ngumu, anayejiita Grundeis. Anampa chokoleti na kumsimulia maajabu ya Berlin: kwamba huko kuna majumba marefu mno hadi mapaa yake yamefungwa mbinguni yasipeperushwe na upepo, na kwamba mtu akiishiwa pesa huenda benki akaweka ubongo wake rehani. Emil hajui acheke au aogope. Anakwenda msalani, anazibana noti kwa pini, anarudi, anajitahidi asisinzie, anasinzia. Anaota ndoto ndefu ya kichaa ambamo treni inavutwa na farasi na kumkimbiza mitaani. Anapozinduka yuko chini sakafuni na bwana yule hayupo. Anatia mkono mfukoni. Noti hazipo, pini imebaki, na inamchoma kidole mpaka damu inatoka.

Wajuzi wa hadithi za upelelezi watasema hapa hakuna fumbo, kwa sababu mwizi tumemjua tangu mwanzo. Ni kweli tumemjua. Kästner ameliacha lile swali la kawaida la nani kafanya, akashika swali gumu zaidi kwa mtoto: utathibitishaje? Mtoto amejua ukweli kwa macho yake na hana wa kumsadiki. Kila mtoto aliyewahi kusingiziwa amevunja kikombe, au aliyesema kweli mbele ya mjomba akaambiwa anyamaze, ameishi ndani ya swali hilo. Riwaya nzima ni safari ya kutoka kujua hadi kuweza kuthibitisha, na mwendo wake ni wa siku moja tu, alasiri mpaka asubuhi ya pili.

Kuna kigingi ambacho kila mwandishi wa makachero wadogo lazima akivuke. Mbona watoto hawaendi polisi? Katika vitabu vingi vya aina hii jibu huwa dhaifu: polisi ni wajinga, au wazazi wako safarini. Jibu la Kästner linachekesha na halipingiki. Kule Neustadt kuna sanamu ya mtawala wa zamani, Karl mwenye shavu lililopinda. Siku chache kabla ya safari, Emil na wenzake waliivisha kofia kuukuu, na kwa kuwa Emil ndiye anayejua kuchora, walimnyanyua akaipaka pua nyekundu na sharubu nyeusi. Wakati uleule askari Jeschke akatokea kwenye kona. Walitimua mbio, lakini tangu siku hiyo Emil anaamini kwamba yeye ni mhalifu anayetafutwa. Atamwendeaje polisi kushitaki wizi naye ana deni la pua nyekundu? Mtu mzima anatabasamu, kwa kuwa anajua hakuna askari wa Berlin mwenye habari na sanamu ile. Mtoto anayesoma hatabasamu hata kidogo; anahesabu makosa yake mwenyewe. Ucheshi wa kitabu hiki umejengwa hivyo toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna anayefanyiwa dhihaka. Watoto wanashughulika kwa dhati, na sisi tunacheka kwa sababu tunaikumbuka dhati hiyo.

Basi Emil anamwona bwana wa kofia akiteremka kwenye kituo cha Zoologischer Garten, naye anateremka hapohapo, ingawa bibi na binamu yake, Pony Hütchen, wanamngojea kando ya kibanda cha maua kwenye kituo kingine, Friedrichstraße. Anapanda tramu nyuma ya mwizi bila senti ya nauli. Abiria mmoja anamlipia. Bwana yule anakaa mkahawani, anaagiza chakula, na Emil anajibanza ng'ambo ya barabara na sanduku lake, hana pesa, hana anayemjua, katika jiji la watu zaidi ya milioni nne. Mara honi inalia nyuma ya kisogo chake. Ni Gustav, mtoto wa mtaani pale, ambaye hatembei bila honi yake ya gari. Anamuuliza kwa kebehi kama amepotea. Emil anamweleza. Gustav anaona jambo hili ni bora kuliko senema, anamwambia angoje, na baada ya dakika kumi anarudi na kundi la watoto.

Angalia wanavyojipanga. Anachaguliwa mmoja mwenye miwani, mtoto wa mwanasheria, wanayemwita Profesa, kuongoza kikao. Wanachangishana hela za mfukoni na kuzihesabu. Mmoja anatumwa na barua kwa bibi ili asife kwa wasiwasi. Wengine wanakwenda kuaga nyumbani, kwa kuwa upelelezi usio na ruhusa ya mama utaishia kwenye kipigo. Linatolewa neno la siri, nalo ni jina la Emil. Hapa hakuna anayekagua majivu ya sigara wala kupima nyayo kwa rula. Wanachokifanya wanakijua watoto wa mtaa wowote duniani: kuwa wengi, kuwa na wakati, na kupita popote bila mtu mzima kuwatilia maanani. Gustav anavaa sare ya mtumishi mdogo wa hoteli alikolala mwizi, pale Nollendorfplatz, na hakuna anayeuliza, maana nani humtazama usoni kijana anayebeba mizigo?

Katika kikao hicho kuna mjadala mfupi ninaoupenda kuliko mbio zote. Mmoja anapendekeza wamwibie mwizi. Pesa si za Emil? Basi wazichukue kimyakimya, kesi imekwisha. Profesa anakataa, anasema atakayeiba kwa siri naye ni mwizi. Wanabishana kama mahakimu. Asubuhi yake, Grundeis anapotoka hotelini, anakuta kundi kubwa la watoto limemzunguka. Hawamgusi wala hawamtukani. Wanatembea naye tu. Akigeuka wanageuka, akiongeza mwendo wanaongeza, mpaka anakimbilia ndani ya benki ili azibadilishe zile noti, na huko ndiko pini inakomngojea. Ninapousoma ukurasa huo hukumbuka barabara zetu na ukelele wa "Mwizi! Mwizi!", mawe yanavyookotwa, na tairi linavyotafutwa kabla mtu hajauliza ameiba nini. Watoto wale wa kwenye kitabu walimkamata mwizi halisi bila kumpiga kofi, wakangoja ushahidi. Tena huyo aliyekamatwa hakuwa kibaka mdogo. Kwenye treni alijiita Grundeis, hotelini Müller, na polisi wakagundua jina la tatu na kosa kubwa zaidi: alikuwa miongoni mwa waliovunja benki mjini Hannover. Emil akapewa zawadi ya marki 1000. Mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji akawa ndiye yule abiria aliyemlipia nauli ya tramu, na jina lake ni Kästner.

Kujitia kwake ndani ya hadithi si mbwembwe. Jina lake kamili ni Emil Erich Kästner. Alizaliwa Dresden mwaka 1899. Baba yake, aliyeitwa Emil pia, alikuwa fundi wa ngozi, na mama yake, Ida, alijifunza kutengeneza nywele akiwa mtu mzima ili nyumba ipate riziki. Katika kumbukumbu zake za utotoni, zilizotoka mwaka 1957, anasimulia jinsi mwanamke mmoja alivyomlaghai mama yake kwa kumwagiza kazi kubwa ya kuwapamba watu wa harusi isiyokuwapo, na jinsi yeye, mtoto mdogo, alivyomwona mwanamke huyo baadaye mitaani akamfuata nyuma mpaka akajua anafanya kazi wapi. Kwa hiyo mtoto anayemfuatilia mkubwa aliyemdhulumu mama hakutungwa Berlin. Alikuwapo Dresden zamani.

Lakini kitabu chenyewe kilihitaji kusukumwa. Mwaka 1927 Kästner alihamia Berlin, akawa anaandikia magazeti na kutunga mashairi ya kuchoma kwa watu wazima. Aliyemwambia aandikie watoto ni mwanamke, Edith Jacobsohn, mwenye kampuni ya uchapishaji ya Williams & Co. Katika kurasa za mwanzo za riwaya, Kästner anajisimulia alivyokuwa akihangaika kuandika hadithi ya visiwa vya mbali, bahari ya kusini, na mambo aliyoyaona kwenye picha tu, mpaka akakwama kwa swali kwamba nyangumi ana miguu mingapi. Mhudumu wa mkahawani anamshauri aandike anayoyajua: mitaa, tramu, watoto wanaopita dirishani kila siku. Anarudi nyumbani, analala sakafuni akitazama meza kwa chini, na kutokana na mguu wa meza anapata jina Tischbein, ambalo kwa Kijerumani ni hilohilo, mguu wa meza. Ushauri wa mhudumu yule ningeubandika ukutani mwa kila anayeandikia watoto kwa Kiswahili. Tuna masoko, stendi za mabasi, vivuko, madrasa, vijiwe vya kahawa na foleni za maji, na bado mswada baada ya mswada unaanza kwa sungura na fisi.

Makachero tunao, na ni wa kujivunia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, na wengi wetu tulijifunza kufikiri kwa kumfuata mzee yule na kiko chake. Ila Bwana Msa ni mtu mzima, anaheshimiwa akiingia mlangoni. Emil akiingia mlangoni anaulizwa anatafuta nini. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya hadithi ya kachero mtoto iwe ngumu kuandika, na ndiyo inayoipa ladha.

Picha za kitabu zilichorwa na Walter Trier, mzaliwa wa Prague. Jalada lake la manjano linaonyesha barabara tupu yenye jua, bwana wa kofia anatembea peke yake, na watoto wawili wanachungulia nyuma ya nguzo ya matangazo. Mwaka 1931 ikatoka filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Gerhard Lamprecht na kuandikwa na Billy Wilder, ambaye baadaye alisifika Hollywood. Ilipigwa Berlin, mitaani.

Kisha Hitler akashika dola. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya Kästner vilitupwa motoni katika uwanja mmoja wa Berlin, naye mwenyewe alikuwa amesimama katika umati akitazama. Emil aliachwa kwa muda, kwa kuwa alipendwa mno, kisha naye akapigwa marufuku mwaka 1936. Edith Jacobsohn alikuwa ameshakimbia. Alifia London mwaka 1935. Trier, aliyekuwa Myahudi, alikimbia mwaka 1936 na kumalizia maisha yake Kanada. Kästner alibaki Ujerumani. Watoto wa filamu ile walikua wakawa wa umri wa kuitwa vitani. Hans Joachim Schaufuß, aliyecheza Gustav wa honi, aliuawa mwaka 1941. Rolf Wenkhaus, aliyecheza Emil, aliuawa mwaka 1942 ndege aliyokuwamo ilipotunguliwa karibu na Ireland. Mwaka huohuo, huko Urusi, aliuawa Hans Albrecht Löhr.

Löhr ndiye aliyecheza mtoto ambaye sijamtaja mpaka hapa, nami nimemweka makusudi. Katika kundi la Gustav yumo mmoja mdogo ambaye ukoo wake ni Dienstag. Kwa Mjerumani jina hilo linachekesha, maana ni siku ya wiki. Kwetu halichekeshi hata kidogo. Ni Jumanne, na kila mtaa una Jumanne wake. Kwao kuna simu, jambo ambalo mwaka 1929 si la kila nyumba. Kwa hiyo katika kikao inaamuliwa kwamba Jumanne mdogo arudi nyumbani akae kando ya simu. Wapelelezi wote watampigia kutoa habari, na yeye atamwambia kila atakayepiga yuko nani wapi. Hatapanda teksi kumfukuzia mwizi. Hataingia hotelini. Hataona lolote. Anaomba mara moja aruhusiwe kwenda na wenzake, anaambiwa simu haiwezi kuachwa, anakwenda. Usiku ule wote uhondo uko Nollendorfplatz, naye yuko sebuleni kwao anasubiri kengele ilie. Ikilia, anapokea, anaandika, anaeleza. Siku ya pili, wenzake wanapomzingira mwizi barabarani, yeye bado yuko na simu.

Mwishoni kuna karamu nyumbani kwa akina Pony, keki na vicheko, magazeti yenye picha ya Emil yanapita mkono kwa mkono. Bibi anasimama. Anawaambia watoto wasijione mashujaa kupita kiasi, kwa sababu kumfukuza mwizi mtaani ni raha, kila mtu angependa. Kisha anamwonyesha mmoja aliyekaa kimya, aliyetamani sana kwenda na hakwenda kwa kuwa alikubali kazi, na anawataka wote wasimame kumheshimu.

Ukimsomea mtoto kitabu hiki, usiharakishe pale simu inapolia. Mpe nafasi amwone mtoto mwenzake sebuleni, na umwambie kwamba jina lake ni Jumanne.